Takwimu za silaha zinapishana: nishike ipi?

SWALI: Naandaa andiko la sera kuhusu silaha zinazoingia Afrika Mashariki. Takwimu za SIPRI (taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm), Comtrade (hifadhidata ya biashara ya Umoja wa Mataifa) na Rejesta ya Silaha ya Umoja wa Mataifa zinapishana mno, hata kwa nchi moja mwaka uleule. Ipi ndiyo sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, zinapishana kwa sababu hazihesabu kitu kimoja. Comtrade ni taarifa za forodha, kwa dola. Bidhaa zimepangwa kwa sura za namba za forodha, na ukipakua sura ya 93, ya silaha na risasi, peke yake hutaona kifaru hata kimoja. Vifaru viko namba 8710, sura ya magari. Bunduki za kuwindia, hizo utazikuta.

Kwenye biashara ya silaha, hifadhidata ya SIPRI haipimi fedha. Kipimo chake, TIV (thamani ya kuonyesha mwelekeo), hukadiria uwezo wa kijeshi uliohama: silaha iliyokwisha kutumika hupewa asilimia 40 ya thamani ya mpya, iwe imeuzwa ghali au imetolewa bure. Basi usiilinganishe TIV na bajeti ya ulinzi, kosa ninalolikuta hata kwenye maandiko ya wakubwa. Na kwa nchi ndogo tumia wastani wa miaka mitano, maana ndege chache tu hupandisha mwaka mmoja ghafla.

Rejesta hujazwa na serikali zenyewe, kwa hiari. Nchi isipojaza, usiandike sifuri.

Tazama meli ya Faina. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya T-72. Serikali ya Kenya ilisema ni vyake, na Ukraine, muuzaji, nayo ikaitaja Kenya. Lakini kwenye nyaraka za shehena kulikuwa na herufi GOSS, yaani Serikali ya Sudan Kusini, na SIPRI ikavihesabu huko. Aliyeshika tamko la muuzaji alimwongezea Mkenya jeshi la vifaru asilokuwa nalo, akalikosa lililokuwa likijengwa Juba. Kwa hiyo kila mara angalia nani amejaza fomu, na ana sababu gani ya kujaza hivyo.

Kama andiko lako linahusu bunduki za mkononi mashariki mwa Kongo, SIPRI haitakusaidia, kwani hizo haizihesabu. Soma ripoti za Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo. Wao hufuatilia namba zilizochongwa kwenye bunduki na alama za kwenye risasi. Na chini ya kila jedwali andika tarehe uliyopakua, maana SIPRI hurekebisha hata miaka ya nyuma.