Kisu Changu, Nyama ya Idd na Kipande Kilichopotea

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nimeona picha za visu vyako. Na mimi nataka nianze kufua. Mtaji ni shilingi ngapi?" Nimemwahidi jibu, na jibu ndilo hili. Limekuwa refu kwa sababu swali lake limenikuta na kidonda kibichi. Mtaji nitautaja, ila kwanza mniache niseme yaliyonipata Idd el-Hajj iliyopita.

Mimi siku za kazi ni mtu wa mahesabu, nashinda na kalkuleta ofisini hapa Morogoro. Jumamosi na Jumapili ndipo nakuwa mhunzi. Tanuru langu ni rimu kuukuu ya gari niliyoikandika udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu. Upepo unatoka kwenye draya ya nywele ambayo mke wangu alidhani imekufa (haikufa, ilikuwa waya tu), unapita kwenye bomba la chuma mpaka chini ya mkaa. Fuawe yangu, yaani chuma cha kufulia juu yake, ni kichwa cha nyundo ya kuvunjia mawe, nimekizamisha kwenye gogo la mwembe. Kuna wanaonishauri nitafute kipande cha reli. Reli ni mali ya umma, na huyo anayekuuzia kipande kakitoa wapi? Mimi simo.

Basi mtaji ndio huo: takataka, mkaa, nyundo ya kilo moja hivi, koleo la mikono mirefu, tupa mbili na miwani ya kuzuia cheche. Ukiona mtu anakwambia lazima uanze na mashine, ujue anauza mashine.

Kisu changu cha kwanza nilikifua kwa nondo iliyobaki site. Nilikipasha mpaka kikawa chekundu, nikakitosa kwenye ndoo ya maji, kikalia tsss, nikajiona fundi. Kikakata nyanya ya kwanza vizuri. Ya pili kikaisaga. Nikakibeba mpaka kwa mzee mmoja anayefua majembe na visu vya kuvunia mpunga nyuma ya soko, nikijua atanisifu. Mzee hakusema kitu. Alikishika ncha na msuka (ule mkia unaoingia kwenye mpini), akakiweka juu ya goti, akakipinda kama anayekunja mkeka. Kikabaki hivyo hivyo kimekunjika. "Mwanangu," akasema, "hii ni ndoana ya kuvulia kambale."

Siku ile niliumia, leo nacheka. Nondo ina kaboni kidogo mno, hata uichome vipi haishiki ugumu wa kisu. Unachotaka ni springi ya gari, yale mabapa yanayobeba bodi kwa chini, au tupa iliyokwisha meno. Springi nyingi huwa na kaboni kama asilimia 0.6, tupa huzidi hapo. Nenda gereji, utapewa springi iliyokatika kwa bei ya soda mbili tatu. Mimi nilipata bapa la Land Cruiser, na hapo ndipo kiburi kiliponianza.

Kufua kwenyewe sitawachosha nako. Unapasha, unapiga, kinapoa, unapasha tena. Kupiga tupa na msasa ndiyo kazi mbaya kuliko zote, wikiendi tatu zinaisha na hakuna cha kusimulia. Twende kwenye raha.

Raha ni ile dakika ya kukizimisha. Unasubiri jioni, giza limeanza kuingia, ili uone rangi ya moto sawasawa. Unakizungusha kisu ndani ya mkaa polepole, unakitoa, unakigusisha sumaku (yangu niliing'oa kwenye spika iliyoungua). Ikikamata, bado. Unakirudisha. Chuma kikifika kama nyuzi 770 za Selsiasi sumaku inakikana kabisa, kama hawajawahi kujuana. Unakiongeza moto kidogo tu zaidi ya hapo, rangi inakwenda kwenye chungwa, halafu unakitumbukiza ncha kwanza ndani ya mafuta ya alizeti uliyokwisha kuyapasha moto kidogo. Moshi unafumka, nyumba nzima inanukia maandazi. Si maji, ndugu yangu. Maji hukipoza ghafla mno, chuma cha springi kinaweza kulia "tin!" mara moja, na hiyo "tin" ndiyo nyufa. Wala si oili chafu ya injini, moshi wake si wa kuvuta.

Kisu cha Idd kilitoka kwenye mafuta kimenyooka kama rula. Nikapitisha tupa juu ya makali, ikateleza kama inapita kwenye chupa. Nilipiga picha, nikaituma kwenye grupu la familia. Hapo ndipo nilipokosea, kabla hata ya kukosea penyewe. Nikaandika: "Shemeji, mwaka huu ng'ombe tunamchinja kwa kisu cha nyumbani." Makofi, vidole gumba, mashallah kibao. Shemeji akajibu, "Tunakisubiri shem." Sasa kisu kikawa na tarehe.

Msomaji wangu, kisu kikitoka kwenye mafuta bado si kisu. Ni chupa. Kigumu kweli, lakini kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Lazima ukirudishe kwenye joto la wastani, nyuzi kama 200 kwenye oveni, saa mbili, kipoe, kisha saa mbili tena. Joto hilo linakipunguzia ugumu kidogo na kukipa uvumilivu. Ukiwa umekisugua kikang'aa, utaona kimegeuka rangi ya majani makavu. Hiyo rangi ndiyo risiti yako.

Usiku wa kuamkia Idd nikakiweka kwenye oveni, nikatoka kidogo kwenda kutazama mpira kwa jirani. Kurudi, nyumba giza. LUKU imeisha. Mke wangu alikuwa kwa mama yake, watoto wamelala, na mimi ndiye niliyesema asubuhi kwamba units zinatosha. Nikakigusa kisu, kimepoa kabisa. Nikamulika tochi ya simu: cheupe, kinang'aa kama kilivyoingia. Hakijakaa humo hata nusu saa.

Nilijua. Hapa ndipo panaponiuma, maana nilijua. Ningeweza kununua umeme kwa simu, nikaanza upya, nikakesha. Lakini mpini wa mninga ulikuwa bado haujapigwa gundi, saa tano usiku, na grupu linauliza "kisu kimefikia wapi?" Nikajiambia dakika hizo chache zimetosha. Nikaubandika mpini, nikakinoa juu ya kinoo mpaka kikanyoa malaika ya mkono wangu, nikalala.

Asubuhi, ng'ombe kalazwa kuelekea kibla, maalimu kashika kisu changu. Kama mjuavyo, kisu hunolewa mbali, mnyama asikione. Bismillah, Allahu Akbar, kikapita mara moja. Mara moja tu, niwe muwazi, na watu wakageuka kunitazama. Mzee mmoja akasema, "Kisu kina makali hiki!" Kwa muda kama wa nusu saa mimi nilikuwa mtu mkubwa pale uwanjani. Hata chai nililetewa.

Kisha shemeji akakichukua kukata paja. Akafika kwenye fundo la mfupa, badala ya kutafuta njia ya kiungo akakipindisha kisu ubavu ubavu kukwanyua. Nikasikia "tik". Sauti ndogo tu, kama ya kuvunja njiti ya kiberiti. Akakiinua. Kwenye makali palikuwa na pengo la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo.

Pengo mnalo. Kipande kiko wapi?

Nyama ilikuwa imeshatawanywa kwenye mabeseni manne, nyingine imeshagawiwa majirani. Akina mama wakaacha kupika. Nani atampa mtoto wake nyama yenye chuma ndani? Nikakimbia nyumbani kuchukua sumaku ya spika, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaanza kuipitisha beseni baada ya beseni, pande moja baada ya jingine, mbele ya ukoo mzima. Zaidi ya saa moja. Mvulana mmoja akauliza, "Baba mdogo anafua nyama?" Hakuna aliyemkanya, wote walikuwa wanacheka.

Kwenye beseni la tatu sumaku ikashika. Kikang'aa hapo, cheupe vile vile.

Shemeji akanawa mikono, akasema kwa sauti ya watu wote: "Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Sisi leo tulitaka kula na kisu chenyewe." Halafu akaongeza kwamba vile visu vya dukani vya elfu tano havijawahi kumfanyia hivyo. Sawa. Kisu si cha kukwanyulia kiungo, hata cha dukani kingelia, na aliyekipindisha ni yeye. Lakini kisu kilichopikwa saa zake kingejikunja kidogo au kupata kijino tu, si kumwaga kipande. Kwa hiyo sehemu kubwa ni yangu, na ile ndogo naidai mpaka leo.

Sasa kijana uliyeniuliza mtaji, na wengine mnaotaka kufua, maana najua mko wengi, nisikilizeni. Usikitangaze kisu kabla hakijapita kwenye mikono yako mwenyewe. Siku hizi kisu changu hakitoki nyumbani mpaka kimekata mwanzi mkavu mara hamsini na bado kinakata karatasi. Nakikandamiza makali taratibu juu ya fimbo ya shaba nyeupe kwa pembe ndogo: makali yakijipinda na kurudi, kiko sawa, yakibaki yamepinda, ni laini, yakimeguka, ni kile cha Idd. Na kabla ya oveni nanunua umeme. Nanunua umeme kwanza. Ukinoa kwa grenda, chovya kisu kwenye maji kila mara, ukiona makali yamekuwa bluu ujue hapo umeshayalainisha. Na usitangaze, nimeshasema.

Wengine mnaniambia hii ni hobi ya kizungu, ya kutazama kwenye video. Basi hamjijui. Kule Kagera, kwenye nchi ya Wahaya, palikuwa na watu waliojua kuyeyusha chuma cha kaboni kwenye matanuru ya udongo karibu miaka 2000 iliyopita. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari zao kwenye jarida la Science mwaka 1978, baada ya wazee wa huko kulijenga tanuru upya mbele yao, wakavuta mivukuto wakitumia kumbukumbu tu. Wafipa nao walijenga matanuru marefu kuliko mtu. Hao hawakuwa na oveni wala LUKU, na majembe yao yalilima. Sisi wenye kila kitu tunashindwa kusubiri saa nne! Tunataka picha. Tunataka kidole gumba. Chuma hakina grupu la familia, ndugu zangu, chenyewe kinajua kimepata moto au hakijapata.

Samahani, nimeanza kuhubiri, na mimi ndiye niliyeenda kutazama mpira.

Kisu kile sijakitupa. Nimekisaga upya nikaondoa pengo, kikawa kifupi kidogo, nikakirudisha oveni mara mbili, saa mbili mbili, nimekaa jikoni kwenye kigoda naitazama mita ya LUKU kama mgonjwa. Kimetoka rangi ya majani makavu. Mke wangu anakatia sukuma wiki na hajakilalamikia. Kile kipande nimekiacha kwenye sumaku, na sumaku iko mlangoni mwa friji.

Wiki iliyopita shemeji alikuja, akakiona, akakigeuza geuza kwa kidole. Akaagiza kisu cha buchani, cha inchi nane, mpini wa mpingo. Nikamwambia kitachukua miezi miwili. Akauliza, "Miezi miwili yote ya nini?" Nikamwomba kwanza anitumie pesa ya umeme.