Mshipa umezibwa, sasa mwangalie anavyotembea

Mama yangu mkubwa alipasukiwa na mshipa kichwani, akatibiwa Dar es Salaam bila kufunguliwa fuvu. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi kwenye uvimbe wa mshipa, wakaujaza koili, yaani nyuzi laini za platinamu. Aliporudi Kibosho hana hata kovu la kuonyesha, majirani wakaleta mtori na pongezi.

Tatizo lilikuja baadaye, polepole. Akaanza kuburuta nyayo kama zimegandishwa sakafuni. Akawa anasahau, kisha mkojo ukaanza kumponyoka. Ukoo ukasema ni uzee (kwetu, ukishavuka sitini, hata mafua ni uzee). Lakini damu iliyovuja inaweza kuzuia maji ya ubongo yasipite au yasinyonywe vizuri, yakajikusanya wiki au miezi baada ya matibabu. Kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, pale hospitali ya KCMC kiliyaonyesha. Akawekewa mrija wa kuyapeleka tumboni, na mwendo ukarudi. Kwa hiyo ukiona mambo hayo matatu, mwendo, kumbukumbu na mkojo, usingoje kliniki ijayo.

Kama mgonjwa wako amewekewa stenti, yaani kimrija cha wavu wa chuma kinachobaki ndani ya mshipa, shika sana habari ya dawa. Aspirini na klopidogreli huzuia damu isigande kwenye kile chuma kipya, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta kiharusi. Daktari wa meno akitaka zisimamishwe ili ang'oe jino, aongee kwanza na aliyeweka stenti. Kiungulia nacho kisiwapeleke kununua omeprazoli kiholela, kwa sababu inapunguza nguvu ya klopidogreli. Muulizeni daktari dawa mbadala.

Halafu kuna kurudi kupimwa. Koili zinaweza kushindiliana, damu ikapata tena nafasi ya kuingia kwenye uvimbe, na mgonjwa asihisi chochote. Ndiyo maana wengi huitwa baada ya miezi sita hivi, na tena baadaye. Nauli ya basi hadi Dar na gharama ya kipimo zinauma, najua. Anzeni kuchanga mapema, msingoje tarehe ifike.

Maumivu makali ya ghafla ya kichwa, mdomo kupinda au maneno kukwama: hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Karatasi ya kutokea hospitali ipigeni picha, ikae kwenye simu za watu wawili nyumbani. Siku ya kipimo cha MRI, mashine ya sumaku kali, wataulizia aina ya koili au stenti iliyomo kichwani.