Plotinus, Proclus na jiometri: jibu refu kwa mleta mada

Mkuu, umeuliza mawili kwa mpigo: kama Uplatoni mamboleo (falsafa ya Plotinus na waliomfuata, iliyojengwa juu ya Plato) ni upagani uliojipenyeza kwenye theolojia, na hisabati inaingiaje humo. Mchangiaji mmoja hapo juu amekujibu kwamba hisabati haina dini, basi, yameisha. Mimi nilipita seminari kuu, nikasoma falsafa, nikatoka, na sasa nafundisha hisabati sekondari. Jambo hili nimelikuta pande zote mbili, na kwa maoni yangu wengi hukwama kwa sababu wanaanza na Plotinus na kuishia hapo hapo. Mtu wa kuanza naye ni Proclus.

Plotinus nitampitia haraka. Alisoma Alexandria, akafundisha Roma, akafariki mwaka 270. Mwanafunzi wake Porphyry alikusanya maandishi yake, akayapanga mafungu sita ya tisa tisa, jumla 54, na hakuficha furaha yake kwamba namba zimekaa vizuri. Kiini chake ni hiki: juu ya vyote yupo Mmoja, asiyesemeka. Kutoka kwake inabubujika Akili, kutoka kwa Akili inatoka Nafsi, na kutoka kwa Nafsi ulimwengu tunaouona. Mmoja hapungukiwi na kitu kwa kububujika huko, na kila kilichotoka kinatamani kurudi.

Seminari tulifundishwa hayo kama ngazi ya kumfikia Mtakatifu Augustino, tukasonga mbele. Proclus alitajwa kwa kupita tu. Nilikuja kumsoma nikiwa mwalimu, nikitafuta historia ya jiometri ya kuwasimulia wanafunzi, maana ufafanuzi wake wa kitabu cha kwanza cha Euclid, Mgiriki aliyeipanga jiometri kwa hoja na uthibitisho, ni kati ya vyanzo vikuu tulivyonavyo kuhusu wanajiometri waliomtangulia Euclid. Nilidhani nitapata visa vya Thales na Pythagoras. Nikakuta theolojia.

Huyu Proclus (412–485) aliongoza shule ya Plato kule Athens, na alikuwa mpagani kwelikweli, mtu wa kulisujudia jua. Mbali na ule ufafanuzi, aliandika Misingi ya Theolojia: hoja 211, kila moja na uthibitisho wake, kwa mtindo wa Euclid. Hoja ya kwanza inasema kila wingi unashiriki umoja kwa namna fulani. Anathibitisha kama tunavyofanya darasani, kwa kudhani kinyume chake. Chukua wingi usio na umoja wowote. Basi si huo wote wala sehemu yake yoyote iliyo kitu kimoja. Kila sehemu nayo ni wingi, na sehemu za sehemu vilevile, bila kikomo. Umepata kitu chenye ukomo-hakuna (infinity, kisicho na mwisho) ndani ya ukomo-hakuna, na hilo kwake haliwezekani. Unaweza kulipinga (mtu aliyemsoma Cantor, mwanahisabati wa ukomo-hakuna, atalipinga), lakini utalipinga kwa kuonyesha mstari gani umekatika. Kumzungumzia Mungu kwa namna hiyo, kila dai likisimama juu ya lililotangulia, ndiyo alama kubwa aliyoiacha kwa theolojia.

Sasa hisabati. Nikichora pembetatu ubaoni huwa imepinda, na chaki inamwagika. Bado hakuna mwanafunzi anayeniambia jumla ya pembe si 180 kwa sababu ya mkono wangu. Proclus anauliza: hiyo pembetatu tunayoizungumzia iko wapi? Jibu lake ni kwamba vitu vya hisabati viko katikati, chini ya Akili na juu ya vitu vya kushikika. Nafsi inavyo ndani yake, nayo huvitandaza kwenye uwezo wetu wa kuona picha kichwani ili tuvione. Mimi siamini yote hayo, ila sijaona swali hilo likipata jibu linalowaridhisha wote hadi leo.

Tusiwape sifa zisizo zao. Plotinus hakuongeza hesabu hata moja duniani. Proclus ana lake moja ninalolipenda. Euclid anaomba tukubali kwamba mstari ukikata mistari miwili, na pembe mbili za ndani za upande mmoja zikapungua digrii 180, mistari hiyo itakutana upande huo. Proclus anagoma: hilo lithibitishwe, lisiombwe. Ukimjibu kwamba mistari inakaribiana, atakwambia kukaribiana si kukutana, tazama mkunjo uitwao haipabola unavyoukaribia mstari ulionyooka ulio kando yake milele bila kuugusa. Kisha anatoa uthibitisho wake mwenyewe, ambao unateleza, kwa kuwa unachukulia kwamba umbali kati ya mistari sambamba haukui bila kikomo, na hilo ni lile lile lililotakiwa kuthibitishwa. Kwenye miaka ya 1829 na 1832 Lobachevsky na Bolyai walichapisha jiometri isiyolihitaji ombi hilo.

Je, ni upagani uliojipenyeza? Tazama njia ambazo Uplatoni huo ulipita. Augustino anaeleza kwamba kwenye vitabu vya Waplatoni alikuta habari za Neno aliyekuwako kwa Mungu, ila hakukuta Neno kufanyika mwili. Alichukua, akaonyesha palipopungua. Baghdad, karne ya 9, sehemu za Plotinus zilitoka kwa Kiarabu zikiitwa Theolojia ya Aristotle, na hoja za Proclus zikafanywa kitabu kuhusu Kheri Tupu. Hicho kikatafsiriwa Kilatini huko Toledo, nacho pia kikasomwa kama cha Aristotle. Thomas wa Akwino ndiye aliyegundua, mwaka 1272 hivi, kwamba kimetoka kwa Proclus. Hakukitupa, alikifafanua hoja kwa hoja, akikosoa alipoona pa kukosoa. Upande wa Waislamu, Ibn Sina alijenga juu ya huo mtiririko wa akili, na Al-Ghazali akaja na maswali 20 dhidi ya wanafalsafa, matatu akiyahukumu kuwa ni kufuru, likiwemo la ulimwengu usio na mwanzo. Kilichojipenyeza hakisachiwi mlangoni namna hiyo.

Na wewe uliyesema hisabati haina dini: Cantor, aliyetuletea hesabu za ukomo-hakuna, alimwandikia Kardinali Franzelin kumhakikishia kwamba ukomo-hakuna wake si ule wa Mungu. Hofu ilikuwa ya kweli pande zote mbili.

Mleta mada, kama unataka kusoma, chukua hoja ya 1 hadi ya 7 za Proclus, na kalamu mkononi. Ya 7 ndiyo yenye ubishi: kinachozalisha ni bora kuliko kinachozalishwa. Nusu ya mfumo mzima inaning'inia hapo, na aliyesoma baiolojia ya mageuzi atakuwa na neno. Ukipata pingamizi lete humu, na uonyeshe ni mstari upi.