Ndevu za mahindi kwa paka mwenye vijiwe vya figo

SWALI: Shikamoo daktari. Paka wangu dume, mwenye umri wa miaka sita, alipigwa picha ya altrasaundi akaonekana ana vijiwe kwenye figo. Jirani ananishauri nimnyweshe maji ya ndevu za mahindi yaliyochanganywa na ndimu na kitunguu saumu, kwa kuwa mumewe alipona kwa dawa hiyo. Je, itamfaa?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba. Ndevu za mahindi, ambazo huku Nyanda za Juu Kusini hazikosekani wakati wa mahindi mabichi, zimetumiwa na watu tangu zamani ili kuongeza mkojo, lakini kuongeza mkojo si kuyeyusha jiwe. Vijiwe vingi vya figo za paka ni vya kalsiamu oksaleti, na hivyo haviyeyushwi na mmea wala chakula chochote kinachojulikana. Aina ya struvaiti, inayoonekana zaidi kwenye kibofu, ndiyo huweza kuyeyuka kwa chakula maalumu chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Vijiwe vya figo visivyomsumbua paka mara nyingi huachwa vilivyo, naye akaendelea kupimwa mkojo na damu.

Kitunguu saumu usimpe kabisa. Hicho pamoja na kitunguu maji, viwe vibichi, vimepikwa au vimesagwa kuwa unga, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mafuta ya mkaratusi nayo ni hatari, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja kemikali nyingi ambazo la binadamu huzimudu. Na kwa sababu hiyohiyo kidonge kimoja cha parasetamoli, ambacho wengi humpa mnyama kwa huruma wakimwona anaumwa, kinaweza kumuua. Ndimu nayo haitamfaa; itamtoa udenda.

Kinachosaidia kweli ni maji. Paka kwa asili ni mnyama wa nchi kame, kiu yake ni ndogo, na baridi ya Juni na Julai haimhimizi kunywa. Badala ya dagaa wakavu, mpe chakula chenye majimaji, kama vile nyama au samaki waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, pamoja na supu yake ikiwa vuguvugu, ingawa samaki wasiwe mlo wake pekee. Weka pia bakuli mbili tatu za maji safi mbali na chakula.

Kwa kuwa ni dume, mrija wake wa mkojo ni mwembamba na kijiwe kidogo chaweza kuuziba. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara, anajikamua na kulia huku akitoa matone tu au asitoe kitu, usimpe dawa yoyote ya kuongeza mkojo, maana utakuwa unajaza kibofu kisicho na njia. Mkojo ukizibwa, potasiamu, madini ambayo kwa kawaida hutoka na mkojo, hupanda katika damu, na anaweza kufa ndani ya siku mbili. Mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo, hata ikiwa ni Jumapili usiku, na umtajie kila ulichomnywesha.