Vidoa vyeusi kwenye diskasi: badili sakafu ya tangi kabla ya kununua dawa

Wanaofuga diskasi, samaki wa mapambo wenye mwili bapa wa duara, huniuliza jambo hili kuliko jingine lolote. Mtu amenunua samaki wekundu, safi kabisa, akawaweka kwenye tangi zuri lenye mchanga mweusi na mizizi ya miti. Wiki chache baadaye wamejaa vidoa vyeusi usoni, mgongoni na kwenye mapezi, utadhani wamenyunyiziwa pilipili manga. Swali linalofuata: nitumie dawa gani?

Usitumie dawa yoyote. Samaki wako haumwi. Vidoa alikuja navyo mwilini, na tangi lako ndilo lililomfanya avionyeshe.

Diskasi wa porini, yule wa mito ya bonde la Amazon aliyeelezwa kisayansi na Johann Jakob Heckel mwaka 1840, ana mistari myeusi iliyosimama wima, kwa kawaida tisa, inayokolea na kufifia kadiri hali yake inavyobadilika. Weusi wake una mpangilio. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja sokoni kutoka Thailand aina iitwayo Pigeon Blood, na kwake mpangilio huo umevunjika: mistari ya ubavuni haipo, na hata ule unaopita jichoni haupo. Ndiyo maana wekundu, umanjano na weupe wake huonekana waziwazi. Ila seli nyeusi hazikutoweka zote. Zilizosalia zimetawanyika hovyo kwenye ngozi, na ndizo unazoziona kama vidoa. Aina nyingi zinazopendwa leo, kama Marlboro Red na Red Melon, zimetokana na damu hiyo.

Ukitaka kuhakikisha, mtazame samaki anaposhtuka. Akitoa mistari wima, huyo si wa ukoo wa Pigeon Blood, na weusi wake una chanzo kingine: hofu, maji mabaya, ugonjwa. Asipotoa mistari kabisa, tena vidoa ni vidogo, bapa, viko chini ya ute na havijainuka, huo ni urithi.

Seli zenyewe huitwa melanofora. Kila moja ina chembechembe za melanini, yaani rangi nyeusi ya mwili, na chembechembe hizo hutembea ndani ya seli kwa amri ya homoni na neva. Zikikusanyika katikati, kidoa hunywea hadi usikione. Zikisambaa, kidoa hupanuka na kukolea. Hayo hutokea kwa dakika au saa chache. Lakini kuna badiliko la pili, la polepole, ambalo wengi hawalijui: samaki akikaa wiki nyingi mahali peusi, mwili wake huongeza idadi ya melanofora, na akikaa mahali peupe huzipunguza. Kwa hiyo ukimhamishia kwenye tangi jeupe, atapauka kidogo upesi, kisha ataendelea kusafika taratibu kwa muda mrefu. Wasio na subira hukata tamaa kati ya hatua hizi mbili, wakaanza kumimina dawa.

Hapa kwenye tangi ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu watu hufanya nusu ya kazi. Hubandika karatasi nyeupe au ya samawati nyuma ya kioo, wakaacha mchanga mweusi chini, halafu wanashangaa vidoa viko palepale. Samaki hapimi weusi wa mahali kwa ngozi. Anapima kwa macho, akilinganisha mwanga unaoshuka kutoka juu na ule unaorudi kutoka chini. Samaki aliyepofuka macho yote mara nyingi hugeuka mweusi hata kwenye tangi jeupe, maana hana tena cha kulinganisha. Sakafu basi ina uzito mkubwa. Taa kali juu ya mchanga mweusi ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa ukoo huu: mwanga mwingi unashuka na haurudi.

Kwenye matangi yangu ya Pigeon Blood, sakafu ni mchanga mweupe mwembamba au kioo kitupu kilichopakwa rangi nyeupe kwa nje. Nyuma naweka samawati hafifu, kwa kuwa weupe pande zote huwatia samaki woga. Taa nazififisha. Kipande kimoja cha gogo hakiharibu kitu. Msitu wa magogo unaharibu.

Na kama moyo wako uko kwenye tangi la giza lenye mizizi na maji ya rangi ya chai, nenda nalo, ila chagua samaki wanaolifaa. Diskasi wa porini, wale wa kahawia na wenye michirizi ya feruzi hupendeza zaidi humo, huku kwenye mchanga mweupe wakifubaa. Kumlazimisha Marlboro Red aishi kwenye tangi la namna hiyo kisha kumlaumu kwa vidoa, mimi naona ni kumwonea.

Chakula hakiondoi vidoa. Vyakula vya kuongeza rangi vina karotenoidi, yaani rangi za asili za njano hadi nyekundu, kama astaxanthini, ambazo samaki hawezi kujitengenezea mwenyewe, nazo hukoleza wekundu. Melanini ni habari nyingine; mwili huitengeneza wenyewe.

Yako mambo machache meusi ya kushtukia. Madoa makubwa yasiyo na umbo yanayotokea ghafla baada ya amonia kupanda huwa ni alama za ngozi iliyoungua na inayopona. Pima maji, ubadilishe sehemu yake. Nukta nyeusi zilizoinuka huweza kuwa vifuko vya viluwiluwi vya minyoo bapa, lakini minyoo hao huhitaji konokono na ndege ili wamalize mzunguko wao wa maisha, kwa hiyo hutazamiwa kwa samaki waliovuliwa porini. Naye samaki anayegeuka mweusi mwili mzima, anajibana pembeni na kukataa chakula, huyo anaumwa kweli.

Wakati wa kununua, angalia tangi la muuzaji kabla ya kuangalia samaki. Wengi huwaweka kwenye matangi matupu yenye chini peupe, na humo karibu kila Pigeon Blood huonekana msafi. Omba uoneshwe wazazi. Ikishindikana, chunguza sehemu ambazo vidoa hujificha mwisho: ukingo wa pezi la mkia, kuzunguka mdomo, na paji la uso. Vikiwa vimebaki hapo juu ya sakafu nyeupe, jua nyumbani vitaongezeka. Wachanga waliokolea rangi kupita umri wao nawakwepa kabisa, kwa sababu wako wanaopewa homoni ili wauzike, na rangi hiyo huisha.

Sasa kuzalisha. Jeni ya Pigeon Blood hutawala. Mzazi mwenye nakala moja akipandishwa na diskasi asiye nayo, karibu nusu ya vifaranga huipata. Mwenye nakala mbili huwarithisha wote. Wingi wa vidoa, kinyume chake, haushikwi na jeni moja. Ni mkusanyiko wa vitu vidogovidogo kutoka pande zote mbili, ndiyo maana ndugu wa mtago mmoja hutofautiana sana, na ndiyo maana ukimchanganya Pigeon Blood msafi na diskasi wa kahawia au wa porini, wajukuu hurudi na vidoa tele. Watu hufanya hivyo kwa nia njema, wakitafuta umbo la duara na mwili imara. Faida ipo, ila jiandae kuchagua upya kwa vizazi kadhaa.

Uchaguzi wenyewe ufanyie kwenye tangi la rangi ya wastani. Kwenye jeupe wote watafaulu na hutajifunza kitu. Njia ya mkato ni ualbino, kwa kuwa albino hatengenezi melanini kabisa. Lakini jeni hiyo hujificha: kizazi cha kwanza hutoka na macho ya kawaida, na ukiwapandisha wao kwa wao karibu robo tu ndio huwa albino. Nao hawapendi mwanga mkali.

Usafi una gharama yake wakati wa kulea. Vifaranga vya diskasi hula ute wa ngozi ya wazazi, na huwapata kwa kuufuata weusi wao, kwani mzazi wa kawaida hukolea rangi wakati huo. Pigeon Blood hawezi kukolea hivyo. Vifaranga wakianza kuogelea huweza kukifuata kitu chochote cheusi kilichomo tangini, wakafa njaa hapo hapo. Toa sponji nyeusi ya kichujio au uifunike kwa kitambaa cheupe, ondoa bomba na hita zenye rangi nzito kama maji yanaweza kubaki na joto la nyuzi 28 hadi 30 kwa njia nyingine, punguza kina cha maji ili wazazi wawe karibu, na uache taa hafifu hata usiku mpaka uone vifaranga wamewashika wazazi ubavuni.