Usisasishe GPS ya gari usiku wa kuamkia safari

Nina magari mawili ya kukodisha hapa Tanga. Moja naendesha mwenyewe, la pili anaendesha kijana aliyetoka Mbeya mwaka juzi. Ni dereva mtulivu, hana papara, ila njia za huku bado anajifunza. Ndiyo maana gari lake nililifunga GPS, kifaa cha kuelekeza njia kwa satelaiti, ile ya kubandika kwenye kioo, isiyohitaji bando wala mtandao wa simu.

Katikati ya masika Bi mkubwa mmoja wa Makorora alinipigia saa tatu usiku. Dada yake amefariki Bagamoyo, maziko kesho baada ya adhuhuri, wao ni watu sita na wanataka kuondoka alfajiri. Gari langu lilikuwa limeshachukuliwa kwa safari ya Horohoro siku hiyohiyo, kwa hiyo nikamwambia kijana ajiandae. Kisha, kwa nia njema kabisa, nikakichukua kile kifaa nikakiunganisha kwenye laptopu. Kilikuwa kimeniomba kusasishwa wiki nzima. Nikabonyeza kukubali, nikaenda kulala. Alfajiri nikakuta kimeandika kuwa kazi imekamilika. Nikamkabidhi kijana.

Mtu wa Tanga akienda Bagamoyo kwa gari hajiulizi njia. Unapita Muheza, Segera, Kabuku, Mkata, mpaka Msata, hapo unakata kushoto na kumaliza kilomita 64 za mwisho. Ukiitazama kwenye ramani ni mzunguko, lakini ni lami mwanzo mwisho. Njia ya pwani, ya Pangani, kivuko cha Bweni, Mkwaja na Saadani, kwa macho ni fupi. Lami yake inajengwa kwa vipande, na vipande visivyofikiwa, ikinyesha, ni tope.

Katika kile kifaa nilikuwa nimeweka mambo mawili tangu siku ya kwanza: epuka vivuko, epuka barabara za vumbi. Apdeti, yaani kule kusasisha, ilifuta yote mawili bila kuniuliza. Na ramani mpya iliihesabu barabara ya pwani kana kwamba ujenzi umekwisha. Kwa hiyo mashine ikamwelekeza kijana Pangani, naye akaitii, kwa sababu mimi bosi wake nilimwambia aiamini. Ilikuwa bado giza, kina mama nyuma wana msiba, nani angetazama njia? Walipokuja kutambua wako kivukoni, na kioo kinaonyesha muda mfupi tu uliobaki. Wakavuka. Mbele ya Mkwaja gari likazama kwenye tope, wakakaa hapo zaidi ya saa mbili mpaka wanakijiji walipokuja kulisukuma. Bagamoyo walifika watu wamesharudi kutoka makaburini.

Nilikwenda Makorora siku ya tatu baada ya wao kurudi, na bahasha ya nauli yao yote. Bi mkubwa hakuigusa. Akaniambia, "Mwanangu, pesa sikudai. Nilitaka kumwosha dada yangu kwa mikono yangu." Nikaiacha bahasha kwa mwanawe mkubwa, nikaondoka.

Ndugu zangu madereva na wenye magari, ninaandika kwa sababu hiyo. Wengi tunaichukulia apdeti kama kubadilisha oili, kwamba ikishafanyika gari limekuwa bora. Siyo hivyo. Apdeti ni kama kuleta fundi mgeni usiku ndani ya gari lako: huenda akatengeneza, huenda akalegeza nati iliyokuwa imekaza. Asubuhi ni lazima ulijaribu gari kabla abiria hajapanda.

Sisemi msisasishe. Ipo sababu ya kweli. Saa ya mfumo wa GPS huhesabu wiki, na hesabu ya awali ina nafasi ya wiki 1,024 tu, kisha inarudi sifuri. Ilirudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena tarehe 6 Aprili 2019, na vifaa vya zamani ambavyo havikuandaliwa vikaanza kuonyesha tarehe ya miaka karibu 20 nyuma. Mwenye kifaa kilichosasishwa hakuona tatizo. Barabara nazo zinabadilika, na ramani ya miaka sita iliyopita itakupitisha mahali palipofungwa. Tatizo langu ni namna tunavyoletewa hizi apdeti, na namna tunavyozipokea.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba apdeti ziko mbili. Ipo ya programu inayoendesha kifaa chenyewe, na ipo ya ramani. Zikija pamoja watu huzipokea pamoja, kisha kikiharibika hujui kipi kimeharibu. Pokea moja, tembea nayo siku kadhaa, ndipo uchukue nyingine. Na usiwe wa kwanza. Mimi sasa nasubiri mwezi mzima, nasoma malalamiko ya wenzangu, nikiona kimya ndipo naanza. Wanaokimbilia siku ya kwanza ndio wanaoigundua hitilafu kwa niaba ya kampuni, tena bila malipo.

Kabla ya yote, toa nakala ya alama za mahali ulizoweka kwenye kifaa. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote baada ya ule msiba. Nilipowaandikia watengenezaji, jibu la kwanza lilikuwa nikirudishe kifaa katika hali ya kiwandani. Nikatii. Zikafutika alama 300 na kitu nilizoziweka mwenyewe: kona ya Amani ambapo udongo huporomoka mvua ikizidi, nyumba ya fundi wa springi Muheza anayefungua hata usiku, njia ya ndani ya kutokea mapango ya Amboni, kisima, msikiti wenye choo safi kwa abiria wazee. Kampuni yoyote duniani haiwezi kukurudishia hizo, kwa sababu haikuwahi kuwa nazo. Ni jasho lako. Unganisha kifaa na kompyuta, tafuta faili lenye alama (mara nyingi huishia na herufi GPX), linakili kwenye fleshi, kisha ujitumie kwa barua pepe. Ni kazi ya dakika tano. Chukua na simu, upige picha kila ukurasa wa mipangilio: lugha, aina ya gari, mambo ya kuepuka. Ukimaliza kusasisha, pitia ukurasa kwa ukurasa ukilinganisha na picha.

Umeme nao. Huku kwetu unakatika bila kuaga, na kifaa kikikatikiwa katikati ya kuandika programu hubaki kinaonyesha nembo ya kampuni, kinazima, kinawaka, kinazima. Tumia laptopu yenye chaji, na waya uliokuja na kifaa chenyewe, kwani nyaya nyingi za madukani ni za kuchajia tu, hazipitishi data. Angalia na nafasi. Ramani za siku hizi ni nzito, na kifaa cha zamani chenye GB 4 hujaa njiani kikaganda. Kama kina tundu la memori kadi, weka ramani mpya kwenye kadi na uache ile ya zamani ndani. Ikikusumbua, unachomoa kadi, umerudi ulikokuwa jana.

Na kama umekifuta ukaona hakipati satelaiti, usikitupe. Mmoja pale stendi ya Kange aliuza chake kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo. Kifaa kilichofutwa huanza upya kutafuta orodha ya satelaiti zote, na orodha nzima hutumwa polepole, dakika 12 na nusu kama mawasiliano hayakatiki. Chini ya bati au mwembe hukatika. Kiweke nje kwenye uwazi, mimi napenda Raskazone pale ufukweni, kikae nusu saa bila kukigusa.

Kisha kijaribu kwenye njia unayoijua kwa moyo. Mimi huandika safari tatu bila kuondoka nyumbani: Tanga hadi Bagamoyo, Tanga hadi Lushoto, na kutoka Chumbageni hadi barabara ya 12 Ngamiani. Kikinipitisha Segera na Msata, nakiamini. Ningefanya hivyo usiku ule, ningeliona neno Pangani kwenye kioo kabla kijana hajawasha gari. Dakika moja tu.

Kuhusu kulalamika: lalamikeni, tena kwa ushahidi. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya hasira na ilijibiwa kwa maneno ya kunishukuru kwa uvumilivu. Ya tatu niliweka namba ya toleo, tarehe, picha ya njia iliyopendekezwa na picha ya tope. Hiyo ilimfikia mtu anayeelewa, akanitumia namna ya kurudi kwenye toleo la zamani. Vifaa vingine havikubali kurudi nyuma kabisa, kwa hiyo muulize muuzaji swali hilo kabla ya kutoa pesa, na risiti uitunze. Ukiuziwa kitu kisichofanya kilichoahidiwa na muuzaji akakukwepa, ipo Tume ya Ushindani, ambayo chini ya sheria ya mwaka 2003 ina kazi pia ya kumlinda mlaji.

Siku ya arobaini Bi mkubwa alinipigia mwenyewe. Sikumtuma kijana peke yake. Niliendesha mimi, yeye akakaa kando yangu akijifunza, Bi mkubwa nyuma na wanawe. Tulipofika Msata kukata kushoto akaniuliza, "Ndiyo hii ya siku zote?" Nikamwambia ndiyo, mama. Tukafika kabla ya khitma kuanza.

Ramani ya kampuni bado inaonyesha lami pale mbele ya Mkwaja. Nimewaandikia mara mbili. Lakini ipo ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha, na ambayo unaweza kuipakua na kuiweka kwenye memori kadi ya vifaa vingi. Tangu mwezi uliopita kijana akipita njia ya pwani bila abiria anaandika kwenye daftari: hapa lami inaishia, hapa kokoto, hapa pamechimbwa, hapa mvua ikinyesha hapapitiki. Jioni tunakaa wawili na laptopu tunaingiza. Tumeshamaliza kutoka Pangani mjini hadi kivukoni, na upande wa Bweni tumefika Mkwaja.