Ukikabidhiwa pikapu Dodoma, jifunze ea klina kwanza

Mtu akihamia Dodoma na pikapu yake kutoka Pwani, au akiajiriwa na mkandarasi na kupewa funguo za Hilux ya kazi, kitu cha kwanza anachouliza ni matairi. Akitoka hapo anauliza shokapu. Ea klina, ile karatasi ya kuchuja hewa inayoingia kwenye injini, anaikumbuka siku gari linapomtolea moshi mweusi akipanda Nyang'oro kwenda Iringa, huku Fuso lenye mzigo likimpita.

Mimi kazi yangu ni stoo. Spea za magari ya kazi nazinunua, nazitoa, na nyingine nazirudisha dukani kwa ugomvi. Ninaowaandikia ni ninyi mnaoanza: dereva mpya, mtunza stoo mpya, na yule ambaye jana alikuwa karani wa masijala na leo kaambiwa asimamie magari. Ufundi mtaupata kwa mafundi. Mimi nazungumzia kununua, maana injini nyingi zinaanza kufa pale kaunta, kabla gari halijaguswa.

Mjue kwanza mko wapi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka wa kawaida hauvuki sana milimita 600. Miezi iliyobaki ni ukame na upepo. Lami zimeongezeka, sikatai; ukienda Morogoro, Singida, Iringa au Kondoa unateleza tu. Lakini kazi haiko kwenye lami. Iko kwenye visima vya Bahi, shule za Chemba, mashamba ya alizeti ya Kongwa, na huko mnaongozana magari matatu, wa mwisho anakula vumbi la wawili. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha silinda. Zile kubwa unazoziona kwa macho hazinitishi, zinanaswa upesi. Zinazosaga ringi na kuta za silinda ni zile ndogo, za maikroni 5 hadi 20 hivi. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70, kwa hiyo msitegemee kuziona zikipita.

Na hewa inayopita ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ya dizeli inahitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa ili iungue. Jaza tangi la lita 80, tembea hadi likauke, na injini imevuta zaidi ya lita laki nane za hewa ya huku kwetu kupitia karatasi moja iliyokunjwakunjwa.

Sasa shikeni hili, kwa sababu mengine yote yanatoka hapa: ea klina chafu haiui injini haraka kama ea klina inayovuja pembeni. Iliyochafuka inajitangaza yenyewe. Gari linakuwa zito, dizeli inatoa moshi mweusi kwa kukosa hewa, dereva analalamika, unabadilisha, yameisha. Hata ule msemo kwamba ikichafuka inakula mafuta una mipaka yake: kwa magari ya petroli ya kisasa yanayoongozwa na kompyuta, Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009 ikakuta ulaji wa mafuta haubadiliki sana, kinachopungua ni mchapuko. Inayovuja ndiyo adui. Gari linavuta vizuri, pengine vizuri kuliko kawaida, kwa sababu hewa imepata njia ya mkato. Hakuna moshi, taa haiwaki dashibodi, dereva anasifia spea mpya. Baada ya miezi linaanza kula oili, kisha linagoma kuwaka asubuhi, na fundi anakuambia habari za ovaholi, yaani kufumua injini nzima. Hapo hakuna atakayekumbuka kipande cha mpira kilichonunuliwa bei chee.

Kwa hiyo ukienda dukani, usianze na karatasi. Anza na namba.

Piga picha kadi ya gari ukae nayo kwenye simu, ioneshe chasisi na injini. Maneno "Hilux ya 2014" hayatoshi. Kuna magari yaliyoletwa yakiwa yametumika na yaliyonunuliwa mapya humu nchini, na umbo moja la nje linaweza kubeba injini tofauti na boksi tofauti la hewa. Halafu tazama namba iliyoandikwa kwenye ea klina ya zamani, kama bado inasomeka. Kwa Toyota, tarakimu tano za kwanza hutaja aina ya kifaa, na ea klina huanza na 17801; zinazofuata baada ya kistari ndizo zinazosema ni ya gari gani. Kwa Nissan huanza na 16546. Ukijua hilo tu, muuza duka anabadilika namna ya kuongea nawe. Usipojua, mazungumzo yanakwenda hivi:

"Hii inaingia Hilux zote, kaka."

"Vigo na Revo?"

"Zote. Ukiona inabana, unaikandamiza kidogo tu."

Ukisikia "unaikandamiza kidogo", shukuru, aga, toka.

Namba ikishakubali, itoe ea klina mpya kwenye boksi lake papo hapo, hata kama muuzaji ananuna. Shika mpira wa pembeni, ule unaozunguka fremu yote. Ubonyeze kwa kidole gumba uachie. Mzuri unarudi mara moja na hauachi alama. Mbovu ni wa aina mbili: ule mgumu kama plastiki, na ule laini mno unaobaki na shimo la kidole. Upitishe kidole mzunguko mzima, taratibu, hasa kwenye kona, maana kona ndiko kiwanda kibovu kinakoachia kazi. Ukikuta uzi wa mpira umezidi, au kovu la pale ulipounganishwa, au sehemu nyembamba kuliko nyingine, rudisha.

Baada ya hapo ndipo uangalie karatasi. Mikunjo iwe imenyooka na imeachana sawasawa. Mikunjo ikilaliana, sehemu hiyo haifanyi kazi, umelipia karatasi isiyovuta. Linganisha na ile ya zamani kwa kuziweka ubavu kwa ubavu: idadi ya mikunjo, kina chake, na urefu wa fremu. Bei rahisi mara nyingi inapatikana kwa kupunguza mikunjo, na mikunjo michache maana yake inaziba mapema. Mwisho washa tochi ya simu upande mmoja, tazama upande wa pili ukiwa umejikinga na jua. Mwanga hafifu unaopita sawasawa kwenye karatasi ni wa kawaida. Kidoa chenye mwanga mkali, au mstari wa mwanga pale karatasi inapokutana na fremu, hicho ni kitundu.

Watu wananiuliza orijino au ya kampuni nyingine. Sina ushabiki. Kampuni zinazojulikana kwa filta tu, kama MANN-FILTER, Donaldson au Sakura, zinatengeneza vitu vya kutegemewa, na gari haliijui nembo. Ninachokiogopa ni orijino feki: boksi zuri, maandishi ya mtengenezaji wa gari, bei pungufu kidogo tu ya orijino, na ndani uozo. Bora filta rahisi inayojitaja jina lake lenyewe kuliko hiyo. Nunua kwa mtu mwenye duka la kudumu, dai risiti ya mashine yenye maelezo ya kilichouzwa, sio neno "spea" peke yake. Bidhaa bandia zina sheria yake, ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Bila risiti huna pa kuanzia.

Halafu kuna zile za kitambaa cha pamba zinazopakwa mafuta, za kuosha na kurudisha, ambazo vijana wanaziona kwenye video za magari ya mashindano. Kwa Dodoma nasema hapana. Zinapitisha hewa kwa urahisi, kweli, lakini vumbi laini linapita zaidi kuliko kwenye karatasi nzuri. Zinataka kuoshwa, kukaushwa na kupakwa mafuta kwa kipimo. Ukizidisha, mafuta yanafika kwenye sensa ya hewa na gari linaanza vituko. Nani atafanya kazi hiyo ya kipimo kwenye kambi ya mradi, kijijini Chemba, saa mbili usiku?

Kufunga. Kabla ya kufungua boksi la hewa, futa kifuniko chake kwa kitambaa kibichi kidogo, la sivyo vumbi la juu litaangukia upande safi, ule unaoelekea kwenye injini, ukiwa umesimama hapo hapo. Toa ya zamani, futa ndani, weka mpya, funga klipu. Sikilizeni mikono yenu kwenye klipu. Zikifunga kirahisi kuliko mlivyozoea, fremu ni nyembamba na mpira haujabanwa. Zikikataa hadi mtu aombe bisibisi, ni nene au si yake, na mkilazimisha mtapinda kifuniko, kisha hata orijino ijayo haitaziba. Klipu iliyokatika isifungwe kwa waya. Waya unabana pale ulipo, pembeni panabaki wazi.

Kipimo changu cha mwisho ni kitambaa cheupe. Wiki moja baada ya kubadilisha, gari likiwa limetoka porini, fungua tena, usiguse ile ea klina, pitisha kitambaa ndani ya hozi inayotoka kwenye boksi kwenda kwenye injini. Kitoke cheupe. Kuna Hilux moja ilirudi kutoka Chemba, spea mpya, dereva ameridhika kabisa. Upande mchafu ulikuwa umejaa kama inavyotarajiwa. Upande safi, kwenye kona ya kushoto karibu na klipu ya nyuma, palikuwa na mstari mwekundu mwembamba, umeanzia ukingoni mwa mpira na kutanuka kuelekea kwenye hozi kama mkia wa jogoo. Pale pale ndipo vumbi lilipopitia. Ukiona mstari wa namna hiyo huna haja ya fundi wala kompyuta: vumbi limekuchorea ramani. Mpira tulioupima kwenye kona hiyo ulikuwa umelala na hauinuki. Tulibadilisha siku ile ile, na muuzaji akarudishiwa yake pamoja na picha.

Kama mpira ni mzima na kitambaa bado kinatoka chekundu, angalieni hozi yenyewe, hasa mikunjo yake ya chini ambako nyufa hujificha, na klampu zake mbili. Ufa baada ya ea klina unaifanya ea klina ya bei yoyote kuwa pambo.

Kuhusu kupiga upepo, najua sitawashinda mafundi wa huku, kila kituo cha mafuta kuna kijana wa tairi na kompresa. Nawaombeni kiasi tu. Karatasi iliyoshika vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko mpya, kwa hiyo kuipiga upepo kila Jumamosi ni kuirudisha nyuma kila Jumamosi, tena kila unapoifungua unaupa mpira nafasi ya kukaa vibaya. Ikibidi, upepo utoke upande safi kuelekea upande mchafu, presha ndogo isiyozidi psi 30, mdomo wa bomba ukiwa mbali. Ile ya kujazia tairi, psi 100 na zaidi, ikisogezwa karibu inatoboa vitundu usivyoviona. Kuigonga chini kwenye tairi kunapinda fremu. Kuiosha kwa petroli au sabuni, ni bora uitupe. Na kwa malori yenye ea klina mbili, ile ndogo ya ndani haipigwi upepo kabisa, inabadilishwa tu.

Lini ubadilishe? Vitabu vingi vya magari vitakupa namba kati ya kilomita 20,000 na 40,000, kisha vinaongeza kwamba penye vumbi upunguze. Namba moja ya kuwapa wote sina, na anayewapa anakisia. Gari la ofisini Mtumba, kwenye mji wa serikali, na gari la wachimba visima haliwezi kuwa na ratiba moja. Kama boksi lenu lina kile kiashirio kidogo cha plastiki kinachogeuka chekundu hewa ikibana, kiaminini. Kama halina, fungueni kila mnapomwaga oili, angalieni, mwandike. Mimi naandika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wa fremu, siyo kwenye daftari peke yake, maana daftari linahama na mtu.

Snokeli, lile bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa, inasaidia kwa sababu inavuta hewa kutoka juu, vumbi likiwa jepesi zaidi. Kwenye msafara wa magari usiitegemee, acha nafasi na la mbele. Land Cruiser za kazi zenye ea klina ya duara zina kimpira kama mdomo chini ya kopo, cha kutolea vumbi. Kibonyezeni mara kwa mara kiteme. Kikipasuka au kikidondoka, nunueni kingine, msizibe kwa gundi. Na baada ya mavuno ya mahindi, gari lililolala wiki kadhaa kijijini lifunguliwe kabla ya kuwashwa: panya wanalipenda lile boksi, na karatasi ya ea klina wanaitumia kama godoro.

Safari za mbali bebeni moja ya akiba nyuma ya kiti, kwenye boksi lake, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, isirundikiwe jeki juu yake. Mkilazimika kuibadilisha njiani, fanyeni asubuhi kabla upepo haujaamka, gari likiwa limegeuzia mkia kule upepo unakotoka.